Safu ya Lugha: Umbizo na usanidi
Vijana wa kompyuta hapa Lushoto kila kitu kwao ni "fomati". Flashi ikifutwa, imefomatiwa. Faili la mipangilio likiandikwa kwa YAML, eti hiyo nayo fomati. Kufuta ni kufuta, jamani. Sura ambayo faili limeandikwa kwayo ndiyo umbizo, neno la ukoo mmoja na umbo. Kusanidi ni kuipangia programu namna ya kufanya kazi. Msikuchanganye na kusakinisha, ambako ni kuiweka tu kwenye mashine.

Na umbizo si la kuokota tu. JSON, umbizo jingine, hairuhusu kuweka maelezo ya pembeni. YAML hutegemea nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari, na programu nyingi zinazofuata toleo lake la zamani husoma NO kuwa "si kweli", hata kama ulikusudia kifupi cha Norway. Pale Irente ipo shule ya wasioona ya kanisa la KKKT. Mtu asiyeona anayefuata faili kwa sikio, kupitia kisoma skrini, nafasi tupu humponyoka kirahisi. Mimi ningemchagulia TOML, iliyoanza 2013: kichwa ndani ya mabano ya mraba, kisha jina, alama ya sawasawa, thamani. Vyote husikika.