Chipu, volti na bumu langu

Juzi bumu limetoka, nikataka kununua kifaa cha kuandikia chipu za kumbukumbu. Kumbe lazima ujue historia kwanza! Mwaka 1971 Dov Frohman wa Intel alibuni EPROM: inaandikwa kwa umeme, inafutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha mgongoni mwake. Kuandika 2716 kulitaka volti 25, 2732A volti 21, halafu 27C256 ikashuka hadi 12.5. Vifaa vingi vya bei poa siku hizi havifiki 25. Sasa chipu zangu, nilizochomoa kwenye mashine mbovu, zote ni 2716! Ningelipa bila kusoma, bumu lingekwenda na maji na msosi ningekosa. Someni namba ya chipu kwanza, ndipo mfungue pochi. Kazi kwenu!