Nafasi ya Ramani katika Maisha ya Taifa Letu

Neno ramani lina kazi nyingi katika Kiswahili kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwanafunzi akilisikia hufikiria karatasi kubwa iliyotundikwa darasani, yenye maziwa ya rangi ya samawati na mipaka ya mikoa. Fundi mwashi hufikiria karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyojaa vumbi la saruji, inayomwonyesha chumba kitakaa wapi na mlango utaelekea wapi. Hata mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake huchora mistari michache kwenye kipande cha karatasi, akakiita ramani. Neno linalotumiwa hivyo na watu wa kila kazi si mali ya wataalamu peke yao. Ni sehemu ya utamaduni. Basi yafaa tujiulize: ni kitu gani kinachoifanya karatasi hii ipendwe hata leo, wakati ambapo simu ya mkononi yaweza kumwonyesha mtu njia kwa msaada wa setilaiti?

Neno lenyewe lilitujia kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiajemi, rahnama, yaani kitu kinachoonyesha njia. Manahodha wa Bahari ya Hindi walilitamka rahmani, nalo lilikuwa jina la kitabu cha mwongozo kilichokaa chomboni, chenye habari za nyota, pepo, miamba na bandari. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Julfar katika Ghuba, aliziandika habari hizo kwa nathari na kwa mashairi pia, na mojawapo ya tungo zake yaeleza njia ya pwani ya Afrika ya Mashariki hadi Sofala. Sisi tunaopenda ushairi hatuna budi kufurahi tukikumbuka kwamba palikuwa na wakati ambapo ubeti ulifanya kazi ya ramani. Lakini ibn Majid hakuridhika na kukariri. Alizisoma rahmani za waliomtangulia na kuzikosoa. Hii ndiyo faida ya kwanza ya jambo lililowekwa katika karatasi: mwingine aweza kulitazama na kulisahihisha.

Ramani za bara nazo zilianza kwa maneno ya wasafiri. Katikati ya karne ya 19 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliokuwa wakikaa pwani, waliwahoji wafanyabiashara waliokwenda bara na misafara. Watu hao waliondoka katika miji mbalimbali, kila kundi kwa njia yake, na wote walisema kwamba mwisho wa safari walikuta maji makubwa. Wamisionari wakadhani kuwa maji hayo ni ziwa moja, nao wakalichora hivyo: ziwa refu lililopinda mfano wa koa. Ramani yao ilipofika London ilizusha mjadala mkubwa, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke wakaingia bara kuhakikisha. Wakisaidiwa na watu waliozijua njia na lugha, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, Myao kwa asili, waliliona Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858, na mwezi wa Agosti Speke akafika Nyanza, upande wa Mwanza. Wasafiri wa misafara hawakuwa wamesema uongo. Walikuwa wakieleza maziwa matatu, yaani Nyasa, Tanganyika na Nyanza. Kosa liliingia pale maelezo yao yalipounganishwa. Laiti wote wangaliitwa pamoja kuizunguka karatasi ile, huenda mmoja wao angalisema, "Maji yangu siyo hayo ya mwenzangu."

Miaka thelathini baadaye karatasi ilitumika kwa kazi ya namna nyingine. Kwa mapatano ya mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi hizi kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ukingo wa mashariki wa Nyanza, mahali unapokutana na latitudo ya digrii 1 kusini. Iko hadithi mashuhuri kwamba Malkia Victoria aliutoa mlima huo kuwa zawadi kwa mjukuu wake. Hadithi hiyo haina ushahidi, na ukweli wa mapatano yenyewe watosha kutufundisha. Wadigo, Wamasai na Wakuria walijikuta wako pande mbili za mstari ambao hawakuulizwa habari zake. Waliochora walikuwa na ramani mezani, waliochorewa hawakuwapo. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio.

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na watoto wetu wakaanza kuchora nchi ya bara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba katika fremu moja. Mwezi wa Julai mwaka huohuo viongozi wa Afrika huru walikutana Cairo, wakaamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, kwa kuhofia ugomvi usio na mwisho kama kila mstari ungechorwa upya. Mstari wa wageni ukabaki, lakini sasa ulikuwa umekubaliwa na wenyeji. Shule zisizo na fedha za kununua ramani zilipaka rangi kuta zake, na sura ya nchi ikaingia hata katika kanga. Mtoto wa Kigoma asiyewahi kuiona bahari aliweza kuweka kidole juu ya Mtwara na kusema, "Huku nako ni kwetu."

Hata hivyo, kujitawala hakukuondoa hatari ya kuchorewa. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, mamilioni ya wananchi walihamia katika vijiji vipya ili wapate shule, maji na zahanati kwa urahisi. Nia ilikuwa njema. Lakini palipopangwa kwa haraka, bila kuwasikiliza wenyeji, vijiji vingine viliangukia mahali pasipo na maji ya kutosha au mbali mno na mashamba. Mzee aliyejua kisima kipi hukauka wakati wa kiangazi hakuketi mezani pamoja na wapangaji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imefungua njia iliyo bora zaidi. Kijiji chaweza kupata cheti cha ardhi yake baada ya kukubaliana na majirani juu ya mipaka. Katika kupanga matumizi ya ardhi hiyo, mara nyingi wanakijiji huchora kwanza chini kwa vijiti, majivu na mawe: huu mto, hii njia ya mifugo, hapa makaburi. Hubishana, hufuta, huchora tena. Kisha mchoro huhamishiwa karatasini, wataalamu huutia vipimo, na mkutano mkuu wa kijiji huupitisha. Kazi hiyo si mchezo. Mwezi wa Desemba 2000 wilayani Kilosa zaidi ya watu 30 waliuawa katika ugomvi wa wafugaji na wakulima. Ramani peke yake haizuii mapanga. Lakini mahali ambapo malisho na mashamba yamechorwa mbele ya wote, kila mmoja anajua aliloahidi.

Sisi hatuidharau simu. Yamfaa sana dereva aliyepotea usiku katika mji mgeni. Lakini simu humwongoza mtu mmoja, kutoka alipo hadi aendako, na kioo chake hakizidi kiganja. Karatasi hutandazwa mezani, watu sita wakaizunguka, kila mmoja na kidole chake, nao huiona nchi nzima kwa mara moja, hata ile wasiyoikusudia kwenda. Yeyote miongoni mwao aweza kushika kalamu na kuongeza kijito kilichosahauliwa. Penye wengi hapaharibiki neno.

Kwa hiyo tunawasihi walimu wasiiache ramani iwe jambo la mtihani tu. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000 sentimita 2 ni kilomita 1. Basi wanafunzi na waipime kilomita hiyo kwa miguu. Wachore kijiji au mtaa wao, wakitia jina, skeli, dira, ufunguo na fremu, kisha wawapelekee wazee na kuwauliza majina ya vilima na vijito ambavyo havijaandikwa popote. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo hata mara moja, siku atakapoitwa katika mkutano wa kijiji na kuonyeshwa ramani ya kupitishwa, hataogopa kunyoosha mkono na kuuliza kisima kimewekwa wapi.