Intakula kwa gari ndogo ya turbo: namna ya kuichagua na kuifunga kwa ajili ya njia ya Ubundu

Katika garaji za Kisangani swali hili linarudi kila mara. Mtu amepata gari ndogo ya turbo, ya mlango wa nyuma, iliyotoka Japani. Asubuhi inavuta vizuri. Saa saba mchana, ikiwa na watu wanne na mizigo, inalegea. Rafiki anamwambia: weka intakula kubwa mbele, utaona itaruka. Anatoa pesa, anaifunga, na mwezi haujaisha moteri inachemka.

Makala hii inaeleza intakula ni nini, namna ya kuchagua ile inayofaa, na namna ya kuifunga bila kuharibu moteri. Tunamfikiria hasa mwenye gari anayevuka na baki kwenda Lubunga, kiisha anashika njia ya Ubundu. Reli ya upande ule iko na kilometa 125, lakini treni haipiti kila siku, na barabara ya pori haina garaji katikati. Gari ikifa kule na mgonjwa ndani, hakuna wa kumpigia simu. Kwa hiyo swali la kwanza si gari itakimbia namna gani. Swali ni kama itafika.

Intakula inafanya kazi gani

Turbo inazungushwa na moshi unaotoka katika moteri, na kwa nguvu hiyo inasukuma hewa mingi ndani ya moteri. Mswisi Alfred Büchi alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka wa 1905, mwaka mmoja mbele ya reli kufika Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo.

Shida ni hii: hewa ikikandamizwa inapata moto, sawa vile pompi ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Tuchukue mfano. Hewa ya inje iko digrii 30, turbo inasukuma kwa presha ya bari 0,6. Kwa turbo ndogo ya kawaida, hewa itatoka na joto la karibu digrii 95. Hewa ya moto imetawanyika, ndani yake kuna oksijeni kidogo. Tena inafanya esansi iwake mbele ya wakati wake, na hiyo ndiyo inavunja pistoni.

Intakula ni kama radiateri, lakini ndani yake inapita hewa ya turbo pahali pa maji. Ikiwa nzuri na inapata upepo, inaondoa karibu sehemu 7 juu ya 10 za joto lililoongezeka. Hewa yetu ya digrii 95 itashuka karibu na digrii 50. Kwa presha ile ile, moteri inapata hewa zaidi, karibu asilimia 14. Faida si nguvu tu, ni usalama wa moteri pia.

Hali yetu si ya Goma

Mtu wa Goma ao Bukavu anakaa juu, karibu metre 1.500 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi lakini ina baridi. Kisangani na Ubundu ziko chini, hazifiki metre 500, na joto linakaa mwaka wote. Intakula iliyosaidia gari ya ndugu yako kule Goma inaweza kukuangusha wewe huku.

Kuna jambo la pili, nalo ni mwendo. Intakula inahitaji upepo. Kwa barabara ya lami, kilometa 80 kwa saa, upepo uko. Kwa njia ya Ubundu wakati wa mvua, unatembea kilometa 15 ao 20 kwa saa, moteri inafanya kazi ya nguvu, upepo hakuna. Picha na bei unazoonyeshwa zinatoka kwa watu wanaokimbia kwenye lami. Wewe chagua kwa ajili ya matope.

Kabla ya kununua, angalia ile uliyo nayo

Gari nyingi ndogo za turbo zimekwisha kuwa na intakula yao. Toyota Starlet za turbo, ile GT ya EP82 na ile Glanza V ya EP91, zenye moteri ya lita 1,3, ziko nayo juu ya moteri, na tundu la upepo katika kapo. Mara mingi ile ya zamani haina kosa. Imejaa mafuta na vumbi, ao duriti zake zimepasuka.

Itoe kwanza. Inje, ioshe kwa maji na sabuni, na nyoosha mabati madogo yaliyolala. Ndani, mwaga mazuti kidogo, tikisa, mwaga inje, rudia mpaka itoke safi. Kiisha pitisha maji ya moto na sabuni, na iache ikauke kabisa siku nzima.

Halafu ipime. Funga midomo yote miwili kwa vifuniko vya nguvu, kimoja kikiwa na valvu ya mpira wa gari. Izamishe katika beseni la maji na jaza hewa polepole mpaka bari 1, usipite hapo. Usisimame mbele ya vifuniko, vinaweza kuruka. Ukiona mapovu, iko na tundu. Ukikuta mafuta mingi ndani, tengeneza turbo kwanza. Intakula mpya itajaa vile vile.

Juu ya moteri ao mbele ya radiateri?

Intakula ya juu ya moteri iko na tiyo fupi, haiguswi na matope wala vijiti, na haifungi njia ya upepo ya radiateri. Ubaya wake: gari ikienda polepole ao ikisimama, joto la moteri linapanda na kuichoma.

Ya mbele, nyuma ya parshoki, iko mbali na joto la moteri, na feni ya radiateri inaivutia upepo hata kwa mwendo mdogo. Lakini inasimama mbele ya radiateri na kuipa hewa ambayo imekwisha kupata moto. Tena inapokea matope, mawe na magogo kabla ya kitu kingine chote.

Kuna ya tatu, inayopozwa kwa maji. Inafanya kazi vizuri, lakini inaongeza pompi na radiateri ndogo yake. Pompi ikikufa katikati ya pori, umebaki bila kitu.

Kwa gari inayokwenda Ubundu mara kwa mara, shauri letu ni hili: baki na ya juu. Ukitaka kuongeza, tafuta yenye moyo mnene zaidi inayoingia pahali pale pale. Weka mpira kuzunguka tundu la kapo ili upepo wote upite ndani ya intakula, usitoroke pembeni. Weka bati la kukinga kati yake na turbo. Ya mbele ichukue tu ikiwa radiateri ni nzima, feni inawaka kwa wakati wake, na sindano ya joto haijapanda hata siku moja.

Kuchagua sokoni

Kubwa zaidi si nzuri zaidi. Intakula kubwa kupita kiasi inachelewesha presha, maana turbo inapaswa kuijaza kwanza. Ukikanyaga, gari inafikiri kabla ya kuondoka, na kwenye kilima cha matope hiyo inakukwamisha. Kwa moteri ya lita 1,3 mpaka 1,6, ukichagua ya mbele, moyo wa sentimetre 40 ao 45 kwa upana, 15 ao 20 kwa urefu na 5 ao 6 kwa unene unatosha. Tiyo za sentimetre 5 zinatosha pia.

Angalia mambo haya:

Moyo: mabati yaliyokaribiana sana yanapoza vizuri kwenye lami, lakini matope yanayaziba upesi. Chukua yenye nafasi.

Midomo: iwe ya aliminyumu iliyochomelewa. Ile ya plastiki iliyobanwa inakuwa dhaifu ikizeeka.

Asili yake: usinunue ya gari ambayo turbo yake ilivunjika. Vipande vidogo vya chuma vinabaki ndani hata ukiosha mara kumi, na siku moja vitaingia katika moteri yako. Inamisha, gongagonga, angalia kinachoanguka.

Presha inayopotea: nzuri haipotezi zaidi ya bari 0,1 kati ya kuingia na kutoka. Mwambie fundi apime pande zote mbili.

Kufunga ya mbele, hatua kwa hatua

1. Toa parshoki na pima nafasi. Usikate kile chuma cha nyuma yake. Ndicho kinachokulinda ukigonga.

2. Funga intakula kwenye shasi kwa vyuma viwili ao vitatu vyenye mpira katikati. Uzito wake usibebwe na tiyo. Isishuke chini ya ukingo wa parshoki.

3. Acha nafasi ya sentimetre 2 kati yake na radiateri. Ziba pembeni kwa mpira ao sponji ngumu, ili feni ivute upepo kupitia vyote viwili.

4. Kila mwisho wa tiyo uwe na ukingo uliovimba. Bila huo, duriti itateleza siku ya kilima.

5. Tumia duriti za silikoni. Mpira wa kawaida wa maji unalainika kwa mvuke wa mafuta ya turbo. Moteri inatikisika, kwa hiyo kati ya moteri na shasi kuwe na duriti yenye kunyumbuka.

6. Funga kwa koliye pana zenye buloni. Rudia kuzikaza baada ya kilometa 50, kabla hujavuka mto.

7. Kabla ya kufunga mwisho, pitisha kitambaa safi ndani ya kila tiyo. Unga wa chuma wa kukata na kuchomelea ukibaki ndani, moteri itaumeza.

Makosa matatu yanayoua moteri

La kwanza ni kushusha filtre ya hewa. Tiyo mpya zinachukua nafasi, basi fundi anaipeleka filtre chini karibu na parshoki. Kwa lami haina shida. Kwa dimbwi la njia ya Ubundu, moteri inavuta maji, na maji hayakandamiziki kama hewa. Biyele inapinda mara moja. Filtre ibaki juu, pahali pake, hata kama tiyo itakuwa na kona moja zaidi.

La pili ni kuongeza presha ya turbo eti sababu hewa sasa ni baridi. Esansi tunayonunua kwa Kadafi wa barabarani, katika chupa na mabidoni, haijulikani imechanganywa na nini. Ikiwa dhaifu, itawaka mbele ya wakati. Utasikia mlio kama vijiwe ndani ya mkebe wakati wa kupanda. Ukiusikia, toa mguu palepale, shusha vitesi, na usirudi kukanyaga mpaka ubadilishe esansi. Acha presha ya kiwanda.

La tatu ni kusahau radiateri. Yenye umri wa miaka 25 ilikuwa inatosha kwa shida hata kabla hujaweka kitu mbele yake. Isafishe, badilisha maji, jaribu feni, ndipo uzungumze juu ya intakula.

Kupima na kutunza

Chukua kipima joto kidogo cha uzi, weka uzi wake kwenye tiyo baada ya turbo, kiisha kwenye tiyo baada ya intakula. Panda kilima ukiwa umebeba mzigo, dakika tano. Mwenzako asome, wewe endesha. Hewa inayoingia katika moteri isizidi ile ya inje kwa zaidi ya digrii 20 ao 25 ukiwa kwenye mwendo. Kwa matope itapanda, ni kawaida. Ikipanda na sindano ya maji nayo ikipanda, simama, fungua kapo, acha moteri ipumue.

Baada ya kila safari ya matope, mwagia maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, ili uchafu utoke pale ulipoingilia. Mashine ya presha kubwa inalaza mabati. Ukifika baada ya mwendo mgumu, acha moteri izunguke polepole dakika moja ao mbili mbele ya kuizima, turbo ipoe.

Na asubuhi ya safari, kabla ya kupanda baki kwenda Lubunga, gusa koliye moja moja kwa mkono, angalia kama duriti imetoa jasho la mafuta, na washa feni uisikie. Ukikuta kasoro upande huu wa mto, mafundi na vipuri viko karibu.