Nipe Mji: Kitendawili, Runinga na Mtoto

Mtu akisema "Kitendawili!" na watoto wakaitikia "Tega!", hutega, kisha hunyamaza. Hapo ndipo utamu ulipo. Huyu anakuna kichwa, yule anaropoka jibu la jana, mwingine anamcheka. Wakishindwa kabisa, mtegaji hudai chake: "Nipeni mji!" Hupewa Mombasa au Bagamoyo, akajisifu alivyofika huko akala akashiba, ndipo afumbue fumbo. Kwangu mimi, kimya kile kati ya swali na jibu ndicho kipimo cha kipindi cha watoto. Kipindi bora humwachia mtoto nafasi ya kuitikia.

Kimya hicho kimewahi kuingia runingani, hata kwa watu wasiojua paukwa wala pakawa. Mwaka 1968, Fred Rogers alianza kuonekana Marekani nzima katika kipindi chake cha watoto. Aliingia nyumbani, akavua koti, akavaa sweta, akabadili viatu, yote bila haraka. Aliuliza swali huku akiitazama kamera, akatulia kana kwamba mtoto wa upande wa pili anajibu. Alikuwa na samaki aliowalisha kipindini. Ikaja barua kuhusu mtoto asiyeona: alikuwa na wasiwasi kwamba samaki wana njaa, maana hakuwa na njia ya kujua kama wamelishwa. Tangu hapo Rogers akawa anatamka kwa sauti kwamba sasa anawalisha samaki.

Sesame Street, iliyoanza tarehe 10 Novemba 1969, ilishika njia nyingine. Joan Ganz Cooney na wenzake walitaka mtoto wa familia maskini aingie shule akiwa hajaachwa nyuma. Waliona watoto wanakariri matangazo ya biashara, basi wakaazima mbinu za wachuuzi ili kuuza herufi na namba. Kila kipindi kikawa "kimedhaminiwa" na herufi kadhaa. Mwendo wake ulikuwa wa mchakamchaka, lakini sikio lao lilikuwa kwa mtoto. Mtafiti Edward Palmer aliweka runinga, na kando yake picha zilizobadilika kila baada ya sekunde chache. Mtoto akigeuza macho kuzitazama, iliandikwa ni wapi kipindi kilimpoteza. Bibi msimuliaji hufanya utafiti huohuo kwa mwanga wa kibatari: akiona mjukuu anapiga miayo, hubadili sauti au humleta zimwi mapema.

Kisha mwigizaji wa Sesame Street Will Lee, aliyekuwa muuza duka Hooper, akafariki mwaka 1982. Wangeweza kusema Hooper amehama, kama sisi tunavyowaambia watoto kwamba babu amesafiri. Badala yake, katika kipindi cha Novemba 1983, mhusika wao, ndege mkubwa wa manjano, anagawa picha alizowachora wakubwa. Ya Hooper inabaki mkononi, naye anasema atampa akirudi. Wakubwa wanamweleza taratibu kwamba aliyekufa harudi. Anauliza kwa nini iwe hivyo, na hakuna mwenye jibu la kumtosheleza. Ngano zetu nazo hazimfichi mtoto kifo. Yatima na mama wa kambo wamejaa humo. Ila ngano humalizika kwa haki kutendeka. Kipindi kile kilithubutu kuliacha swali likining'inia.

Huku kwetu, Ubongo Kids ilianza mwaka 2014 kupitia TBC1, ikitengenezwa Dar es Salaam kwa Kiswahili, baadaye ikaingia lugha nyingine za Afrika. Ni katuni, nyimbo na hesabu. Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, akarudishiwa neno kama amepata au amekosa. Simu ya tochi ya mama ikawa mdomo wa mtoto. Hapo, kwa namna ya kisasa, "Tega!" ilirudi mahali pake.

Tusijidanganye kwamba vitu hivi ni sawa. Rogers alisubiri, lakini hakusikia. Ujumbe mfupi husikia, lakini husikia chaguo moja tu. Haujui kwamba aliyekosea ndiye yuleyule anayekosea kila siku kwa sababu analala njaa. Bibi anajua. Bibi naye ana upungufu wake: hawezi kukaa na watoto milioni moja jioni moja, na mabibi wengi leo wamebaki kijijini wakati wajukuu wanakulia kwenye vyumba vya kupanga mjini.

Kwa hiyo hofu yangu kuhusu kesho si kwamba katuni zitakwisha. Zimefurika. Mpwa wangu akishika simu, video moja ikiisha nyingine inajianzisha kabla hajapepesa macho. Siku moja nilimuuliza ameona nini. Akanitazama, kisha akairudia skrini. Video zile huleta pesa kwa kumzuia asiondoke, na kimya ni nafasi ya kuondoka.

Kusubiri kuna gharama, na lazima awepo wa kuilipa. Hata Sesame Street ilibanwa: kuanzia 2016, vipindi vipya vilionyeshwa kwanza HBO, televisheni ya kulipia, na televisheni ya umma ikavipata miezi 9 baadaye. Mtoto maskini, ambaye kipindi kilianzishwa kwa ajili yake, akawekwa nyuma ya foleni. Nchi zetu zikiwaachia wafadhili na matangazo peke yao kazi hii, foleni yetu itakuwa ndefu zaidi.

Katika mchezo wa kale, mji haukutolewa bure. Mtegaji alitega kwanza, akawapa watoto muda wa kuhangaika, ndipo akadai. Simu tumekwisha kuigawia miji yote, kuanzia Lamu hadi Kigoma, nayo haijatega hata kitendawili kimoja.