Vocha na maili za safari: Hesabu ndege kabla ya kuhesabu punguzo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KWA mfanyabiashara wa Kariakoo, tiketi ya ndege ni sehemu ya mtaji, kama ilivyo kodi ya fremu au gharama ya kutoa mzigo bandarini. Kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Msimbazi, ofisi za mawakala wa tiketi zimejibana kati ya maduka ya vitambaa na ya vifaa vya umeme, na mabango yao hutaja miji ileile: Guangzhou, Dubai, Istanbul. Chini ya majina hayo huandikwa neno linalomvuta mteja kuliko mengine yote, nalo ni ofa.

Swali ambalo wateja wengi hawaliulizi ni kwamba ofa hiyo itatekelezwa kwa ndege ipi. Vocha, maili za zawadi na nauli ya punguzo vyote ni ahadi ya kiti cha baadaye. Abiria ameshatoa fedha yake, au ameshasafiri mara kadhaa kwa matumaini ya kuzawadiwa, na shirika limebaki na deni. Deni hilo hulipwa kwa kiti, na kiti hakipo kama ndege haipo. Ndiyo sababu habari za ndege kuwasili, kuharibika au kuzuiliwa, ambazo wasomaji wengi huziona kuwa ni za wanasiasa na mafundi, zinapaswa kusomwa kwanza na yule mwenye vocha mfukoni.

Mfano wa karibu ni wa Fastjet. Kampuni hiyo ilianza safari zake Dar es Salaam Novemba 29, 2012, ikiwa na ndege aina ya Airbus A319 na nauli zilizoanzia Sh32,000 kabla ya kodi na tozo. Nauli hiyo iliwapandisha ndege watu ambao hapo awali walilala njiani ndani ya basi la Mwanza. Hata hivyo, bei ya chini ilimstahili aliyenunua mapema, begi la kupimwa lililipiwa mbali, na kubadili tarehe kulikuwa na gharama yake. Kwa lugha ya dukani, abiria alikuwa akiikopesha kampuni fedha kwa wiki au miezi, na punguzo ndilo lililokuwa riba yake.

Mkopo huo ulikuwa salama maadamu ndege ziliruka. Desemba 2018, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) iliipa kampuni hiyo notisi ya siku 28 kabla ya kuifutia leseni, kwa sababu ya madeni na uhaba wa ndege, na ikaiagiza kuwarejeshea nauli abiria walioachwa. Ilikuwa ni msimu wa Krismasi, wakati ambao kiti cha kwenda Kilimanjaro au Mwanza hakipatikani kwa bei ya kawaida. Hata aliyetarajia kurejeshewa nauli yake yote alilazimika kununua tiketi nyingine kwa bei ya siku hiyo.

Shirika la taifa nalo lina historia yake. Air Tanzania ilizaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mwaka 2002 asilimia 49 ya hisa zake iliuzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, ubia uliokwisha mwaka 2006. Desemba 2008 cheti chake cha kuendesha safari kilisimamishwa, na kufikia mwaka 2016 lilikuwa limebakiwa na ndege moja tu, Bombardier Q300. Msafiri mwenye ahadi yoyote ya shirika hilo katika miaka ile alikuwa na karatasi tu.

Ufufuaji ulianza Septemba 2016 kwa kuwasili kwa Bombardier Q400 mbili. Boeing 787-8 ya kwanza ilitua Julai 2018, Airbus A220-300 ya kwanza Desemba mwaka huo, na nyingine tatu za aina hiyo zikafuata hadi Oktoba 2021. Boeing 767 ya mizigo ilifika Juni 2023, Boeing 737 MAX 9 ya kwanza Oktoba mwaka huohuo, na 787 ya tatu Agosti 2024. Kwa mtu wa Kariakoo, manufaa yalionekana katika njia: safari za Mumbai zilianza Julai 2019 na za Dubai mwishoni mwa Machi 2024, ilhali zile za Guangzhou zilizotarajiwa mapema mwaka 2020 ziliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona.

Lakini idadi ya ndege zilizonunuliwa si idadi ya ndege zinazoruka. Agosti 2019 Airbus moja ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama kutokana na madai ya fidia ya mkulima mmoja, ikaachiwa mwezi uliofuata. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika lililazimika kuegesha baadhi ya Airbus zake kwa sababu ya hitilafu za injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba pia mashirika mengine duniani yenye ndege za aina hiyo. Tazama hesabu yake: A220 hubeba abiria 132 na Q400 hubeba 76. Ndege ndogo inapochukua nafasi ya kubwa, abiria 56 wa safari iliyojaa hawana kiti. Kwa desturi ya biashara hii, aliyelipa nauli kamili hashushwi kabla ya aliyelipa nauli ya chini kabisa.

Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Zuio hilo halihusu njia ya Dubai wala ya China, na mwenye tiketi ya huko hana sababu ya kuirudisha kwa ajili hiyo peke yake.

Turudi kwenye vocha yenyewe. Wengi waliijua mwaka 2020, anga zilipofungwa na mashirika mengi duniani, yakiwa hayana fedha taslimu, yakawapa abiria vocha badala ya marejesho. Barani Ulaya kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inataka abiria wa safari iliyofutwa arudishiwe fedha ndani ya siku saba, na vocha itolewe kwa ridhaa yake iliyotiwa saini. Kanuni hiyo humlinda pia Mtanzania anayeondoka katika uwanja wa Ulaya, kwa shirika lolote. Anayetoka Guangzhou au Dubai haimhusu.

Anayeshauriwa kupokea vocha aisome kama anavyosoma hundi. Kwanza atazame tarehe, kwani mara nyingi zipo mbili: ya mwisho ya kukata tiketi na ya mwisho ya kusafiri. Aangalie kama jina linaweza kubadilishwa, maana katika duka la ndugu wawili si lazima aendaye kununua mzigo awe yuleyule kila mara. Aulize, kama nauli mpya ni ndogo, salio linabaki au linapotea. Na zaidi ya yote aangalie sarafu. Dola moja iliuzwa kwa takriban Sh2,300 mwaka 2021 na kupita Sh2,600 katikati ya mwaka 2024. Vocha iliyoandikwa kwa shilingi ilikuwa imepungua uzito bila mtu yeyote kuigusa, kwa kuwa nauli za nje hupangwa kwa dola.

Maili ni hadithi nyingine kidogo. American Airlines ilianzisha mpango wake mwaka 1981, na tangu hapo kila shirika kubwa limekuwa na wake: Emirates ina Skywards, Ethiopian ina ShebaMiles, Kenya Airways ina Asante Rewards, na Air Tanzania imekuja na Twiga Miles. Kosa la wasafiri wengi wa mjini ni kufungua akaunti katika kila shirika na kutotimiza kiwango cha zawadi popote. Ethiopian na Turkish zote zimo katika umoja wa Star Alliance, kwa hiyo anayekwenda China kupitia Addis Ababa na Uturuki kwa ndege ya Istanbul anaweza kukusanya maili katika akaunti moja. Emirates haimo katika umoja wowote wa namna hiyo. Aidha, herufi ya daraja la nauli iliyo kwenye tiketi ndiyo huamua kiasi cha maili, na tiketi ya ofa huweza kuleta chache mno. Maili nazo huisha muda. Za Skywards hudumu takriban miaka mitatu. Tiketi ya zawadi pia si ya bure kabisa, kwani kodi na tozo za viwanja hulipwa kwa fedha.

Kuhusu punguzo, ipo kanuni moja ambayo wazoefu wa Mtaa wa Congo wanaijua: nauli hushuka pale soko la uendako limelala. Tiketi ya Guangzhou inayopendeza wakati wa mwaka mpya wa Kichina humfikisha mteja kwenye viwanda vilivyofungwa, na ile ya Aprili au Oktoba hupanda kwa sababu ya maonyesho makubwa ya biashara ya jiji hilo. Vilevile linganisha mizigo kabla ya bei. Tiketi inayoruhusu mabegi mawili ya kilo 23 na iliyo ghali kidogo huweza kuwa nafuu kuliko ile ya begi moja, kwa mtu anayerudi na sampuli na simu.

Anayenunua kwa wakala adai namba ya tiketi yenye tarakimu 13, si namba ya nafasi pekee, kwa kuwa nafasi inaweza kushikwa bila kulipiwa. Ahakikishe kwamba namba ya uanachama iliyoingizwa ni yake. Tiketi isiyorejeshewa nauli nayo isitupwe: mashirika mengi hurudisha tozo za uwanja ambazo hazikutumika, ilimradi mteja aombe.

Malalamiko yaanzie kwenye shirika lenyewe, kwa maandishi, yakiambatana na nakala za tiketi na risiti. Yasipotatuliwa hupelekwa TCAA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kusimamia maslahi ya abiria. Risiti ya wakala ihifadhiwe hata baada ya safari, kwa sababu maili ambazo hazikuingia huombwa kwa kuionyesha pamoja na kipande cha pasi ya kupandia ndege.