Sheria za Kuhama na Masomo ya Watoto katika Bonde la Ufa



Hesabu za mwaka zikiisha kusomwa, twaona yafaa kutia hapa habari kidogo za zamani. Safari hii tumechagua sheria zilizotawala kuhama na kukaa kwa watu katika wilaya ya Nakuru. Zilitungwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya shule; lakini ndizo zilizoamua ni mtoto gani atasoma na ni yupi atabaki kondeni.

Walowezi walipokwisha kupewa ardhi ya Bonde la Ufa, jamaa nyingi zilihamia humu kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, zikalima na kufuga katika mashamba yao. Hao ndio walioitwa maskwota. Sheria ya 1918 ilimlazimu skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Pamoja na hiyo kulikuwa na kipande, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alichukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za mabwana aliowatumikia, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati.

Tuitazame hiyo miaka 16. Siku zile watoto wengi walianza masomo wakiwa wakubwa. Kijana aliweza kufikia umri wa kipande akiwa bado katika madarasa ya chini. Sheria haikumwuliza amefika darasa gani. Ilimwuliza anamfanyia nani kazi. Shule za mashambani zilikuwa chache, na mwenye shamba ndiye aliyeamua kama ijengwe au isijengwe. Tena mikono ya watoto ilitakiwa katika kuchuma pareto. Mzazi aliyetamani elimu alimpeleka mwanawe kwa jamaa kule rizavu, akakubali kuachana naye.

Sheria ya 1937, iliyoanza kutumika 1940, ilikaza kamba zaidi. Mabaraza ya walowezi yalipewa uwezo wa kupunguza maskwota na mifugo yao, na kuzidisha siku za kazi hata kufikia 270. Mbuzi aliyeuzwa kwa amri ndiye aliyekuwa karo ya mtoto. Huko Olenguruone, ambako serikali iliwapa makao maskwota waliofukuzwa kwingine tangu 1941, wazee walikataa masharti ya ukaaji waliyowekewa. Kufikia 1950 walikuwa wamekwisha kuondolewa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Yatta. Watoto wao walihama pamoja nao, na masomo yao yakakatika.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952. Maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika Bonde la Ufa kwa magari na kwa treni, wakarudishwa rizavu ambazo watoto waliozaliwa mashambani hawakupata kuziona. Wakati huohuo shule za kujitegemea za Wakikuyu zilifungwa, na chuo cha Githunguri pia. Hivyo mtoto alipoteza nyumba na darasa kwa mkono mmoja. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, lakini miaka ya kusoma haikurudi. Wako kati yetu watu wazima waliojifunza kusoma uzeeni kwa sababu hiyo.

Jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani, jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka 1975 ya kuzinyima shule fedha kwa ajili ya watoto walioingia nchini bila ruhusa. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler na Doe, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitangua kwa majaji 5 dhidi ya 4. Walisema kwamba si haki mtoto kuadhibiwa kwa tendo la wazazi wake.

Hatusemi kwamba dola isiwe na sheria za kuingia na kukaa. Twasema kwamba karatasi ya mzazi isiwe kufuli la mlango wa shule. Katiba yetu ya 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, wala haisemi mtoto wa nani. Hata hivyo, tangu 2017, uandikishaji wa wanafunzi ulipoanza kudai namba ya cheti cha kuzaliwa, watoto wasio na cheti walipata taabu, na walioumia zaidi ni wale ambao wazazi wao walitoka mbali au walifukuzwa makwao.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, hasa sisi tukaao Section 58, kila mtu amwangalie jirani yake. Aliye na mtoto asiye na cheti asaidiwe kukitafuta mapema, kabla ya mwaka wa mtihani, hata kama jirani huyo si wa kabila letu wala wa nchi yetu. Nanyi wazee mliokatizwa masomo, wasimulieni wajukuu habari hizi wakati mngali nasi, ili wajue sababu ya ombi letu.