Daraja la biashara kwenye ndege: unanunua kiti au kitanda?

Wasikilizaji wetu wengi wa Tanga, Pangani na Mkinga wana ndugu Maskati na Dubai, na wapo wanaopeleka wagonjwa India. Swali linalotufikia mara kwa mara ni hili: mtoto aliyeko ng'ambo anataka kumkatia mama tiketi ya "biznesi", je, fedha hiyo inastahili? Bei yake huwa mara mbili, tatu au hata zaidi ya tiketi ya kawaida. Kwa familia nyingi za kwetu, tofauti hiyo ni ng'ombe kadhaa.

La kwanza kujua ni kwamba jina la daraja halikwambii utapata nini. Kinachoamua ni ndege yenyewe. Kwenye ndege kubwa zenye njia mbili za kupita katikati, kiti cha daraja la biashara siku hizi kwa kawaida hukunjuka kikawa kitanda. Kwenye ndege nyembamba yenye njia moja, kama Boeing 737, mara nyingi unapata kiti kipana kama kochi, kinachoegemea nyuma, na chakula kizuri zaidi. Basi.

Oman Air, kwa mfano, imekuwa ikitumia Boeing 737 kwa safari nyingi za Zanzibar na Dar es Salaam. Mama anayekwenda Maskati usiku, safari ya saa tano na kitu, anaweza kulipiwa biashara na bado akasinzia ameketi. Flydubai nayo ina ndege nyembamba, lakini 737 MAX zake zimewekwa viti vya biashara vinavyolala kabisa, huku baadhi ya zile za zamani zikiwa na viti 12 vya kuegemea tu. Shirika moja, daraja moja, vitu viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: ni ndege gani, na je, kiti kinalala sawasawa kama kitanda?

Air Tanzania ilipopokea Dreamliner yake ya kwanza mwaka 2018 ilikuja na viti 262, 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Julai 2019 ikaanza safari ya Mumbai, ambayo ni saa sita hivi. Anayepitia Mombasa na Nairobi atakutana na Dreamliner za Kenya Airways, zenye viti 30 vya biashara vinavyolala, vimepangwa viwili viwili. Hapo kuna kasoro ndogo ambayo mzee ataihisi: aliyekaa dirishani akitaka kwenda msalani usiku, inabidi amruke jirani aliyelala. Mwombee kiti cha kando ya njia. Vyumba vyenye mlango wa kufunga, kama vile Qatar Airways ilivyovianzisha kwenye daraja la biashara mwaka 2017, havina adha hiyo, ila haviko kwenye kila ndege ya shirika hilo.

Kuna mambo ambayo fedha hainunui. Hewa ni ileile mbele na nyuma. Ndani ya Dreamliner mwili unajihisi kama uko mita 1,800 juu ya bahari, na kwenye ndege nyingine inaweza kufika mita 2,400. Yote hayo ni juu kuliko mji wa Lushoto. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kwanza, hata kama amekatiwa kiti cha mfalme. Hatari ya damu kuganda miguuni nayo haiheshimu daraja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari hiyo huongezeka karibu maradufu kwa safari ya saa nne au zaidi ukiwa umekaa bila kujongea, ingawa kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo. Kunyanyuka na kunyoosha miguu ni bure.

Bure pia ni kiti cha magurudumu, na hili tunalisisitiza kwa sababu familia nyingi hukata biznesi ili tu mama asitembee uwanjani. Msaada huo hutolewa kwa daraja lolote. Unauomba wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari.

Kwa maoni yetu, kitanda kina maana kwa mgonjwa wa mgongo, kwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au kwa mzee anayesafiri usiku kucha. Kwa mtu mzima wa afya anayekwenda Dubai mchana, fedha hiyo itamfaa zaidi akifika.

Mizigo nayo ina mtego wake. Daraja la biashara huongeza uzito, na mashirika mengi hukubali hadi kilo 32 kwa begi moja. Lakini ukianzia uwanja wetu wa Tanga kwa ndege ndogo ya kwenda Unguja, huko hakuna madaraja, na uzito unaoruhusiwa mara nyingi ni kilo 15 tu. Wenye mizigo hufanya vyema kupanda basi hadi Dar es Salaam.

Mwisho, hakiki tiketi uliyotumiwa kwenye simu. Ina namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita. Iingize pamoja na jina la ukoo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si ya wakala. Tazama pia herufi ya daraja: J au C kwa kawaida ni biashara, F ni daraja la kwanza, Y ni la kawaida. Ukiona Y na wakala alisema biznesi, mpigie kabla mama hajafunga begi.